Kozi Iliyokaa Nje ya Uzio

Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu nililimalizia kwenye kisomo cha watu wazima, mtoto akiwa mgongoni. Kwa hiyo nikisema niliwahi kupeleka kozi chuo kikuu, watu hunitazama miguu kwanza, halafu uso. Waache watazame. Nilipeleka.

Chuo chenyewe kilikuwa ndani ya ghala. Shirika la umma lililokuwa likinunua mazao yetu lilikufa miaka ile kila kitu kilipokuwa kinauzwa, na ghala lake likabaki tupu, likajaa popo. Akaja tajiri mmoja na wenzake, wakalipaka rangi nyeupe, wakagawa vyumba kwa mbao, wakazungusha uzio wa waya, wakasimamisha ubao barabarani: chuo kikuu. Pale nilipokuwa napanga foleni na gunia langu la karanga, sasa walipanga foleni vijana wenye madaftari. Sikuona ubaya. Afadhali ghala la elimu kuliko ghala la popo.

Siku ya ufunguzi walituita tupige ngoma.

Hapa nieleze, maana kuna wasomaji wa mbali. Kwetu Ugogo ngoma ya muheme ni ya wanawake. Mwanamke anaibana katikati ya mapaja, anaiinamisha mbele, anaipiga kwa viganja. Mwanamume ana zeze lake, ana kuimba, ana kuruka mpaka vumbi lisimame. Hajanyimwa kitu. Lakini ngoma hii haikai kwake. Na ngozi yake haipigwi ikiwa baridi. Inaoteshwa moto kwanza, taratibu, huku unaigonga kwa kidole mpaka ikuitikie. Isipoitika, mnasubiri, hata kama anayesubiri nanyi ni mkuu wa mkoa.

Mimi napiga ile kubwa. Niliachiwa na mama mkwe wangu, naye aliachiwa na wa kwake. Mwaka ule wa ufunguzi tulikuwa tumetoka kumzika mwenzetu aliyekuwa akipiga ndogo, ile inayoijibu kubwa, na pengo lake hatukupata wa kuliziba. Waliobaki wote walikuwa na magoti kama yangu. Binti zangu walikwenda kwenye kwaya yenye kinanda. Mjukuu wangu wa kwanza nilimwambia, kaa hapa nikuonyeshe. Akasema, "Bibi, mkao ule? Watu wataniona." Nikamjibu kwamba ngoma ni ya kuonekana. Hakurudi. Ndipo nikajua kwamba nikifa, ile ngoma kubwa itageuzwa kigoda cha kukalia, au mtungi wa kuwekea nafaka ya kuku.

Basi siku ile tukapiga, mgeni akakata utepe, wakaingia ndani kwenye feni. Sisi tukakalishwa juani karibu na choo, tukaletewa soda. Alipotoka mkuu wa chuo kumsindikiza mgeni, nikasimama njiani kwake.

"Shikamoo, mama. Mmefanya kazi nzuri."

"Marahaba, mwanangu. Hapa mnafundisha nini?"

"Biashara, mama. Uhasibu. Kompyuta. Utawala."

"Na hii ngoma iliyokufungulia mlango, nani anaifundisha?"

"Hiyo hatuna."

"Iwepo."

Akacheka, akawageukia wenzake ili nao wacheke. "Haya, mama. Lete pendekezo."

Njiani nikamwuliza wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye tumepiga naye ngoma tangu matiti yetu yamesimama, "Pendekezo ni kitu gani?"

"Ni neno la kumwondoa mtu mlangoni," akasema.

"Basi nitarudi nalo mlangoni."

Mtaani kwetu Nkuhungu, nyumba chache kutoka kwangu, alikuwa amepanga mhadhiri mmoja wa kike, mtu wa Moshi, bado binti. Alifundisha maendeleo ya jamii pale chuoni. Jumapili baada ya ibada nikamkuta anafua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unajua kuandika pendekezo?"

"La nini, bibi?"

"La kozi."

"Kozi ya nani?"

"Yangu."

Hakucheka. Kwa hilo nilimpenda, ingawa sikumwambia. Alikausha mikono, akaleta kigoda na karatasi, tukaanza. Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja. Kumbe karatasi ina maswali kuliko mkwe mpya.

"Lengo la kozi, bibi?"

"Ngoma ipigwe."

"Wanataka maneno zaidi ya hayo."

"Ipigwe vizuri."

Akaandika kitu kirefu, sikuuliza. "Muda wa kozi?"

"Mpaka mikono ielewe."

"Bibi, wanataka wiki."

"Waulize kwanza mikono."

"Mwanafunzi atapimwaje?"

"Atapiga, na sisi wazee tutakuwa tumekaa. Tukiinuka kucheza, amefaulu. Tukibaki tumekaa, aende nyumbani akale, arudi kesho."

Hapo ndipo alipocheka, lakini kicheko chake hakikuwa kama kile cha mkuu wa chuo. Alisema hiyo ataiandika kama nilivyoisema. Tulikaa hivyo Jumapili nyingi. Nilikuwa nambebea mlenda na kisamvu, maana alikuwa anakula mikate mikavu kama askari. Mara nyingine tuligombana. Alitaka kuandika kwamba ngoma hii ni "urithi unaotoweka". Nikamwambia futa. Siendi kule kuomboleza, naenda kudai. Akafuta.

Kamati ilituita wakati wa mvua. Wanaume wengi na yule binti wa Moshi pembeni, meza ndefu, feni inazunguka juu ya baridi ambayo tayari ilikuwepo. Tulikuja na ngoma zetu, tumeziotesha moto alfajiri nyumbani, tukazifunika kwa khanga. Wakatuweka kwenye ukumbi wa nje tusubiri zamu. Tukasubiri. Mvua ikaja, ikaenda, ikarudi.

Tulipoingia, mkuu wa chuo akanikaribisha kwa adabu, halafu akauliza, "Mama, kozi hii soko lake liko wapi? Siku hizi chuo ni soko."

"Mwanangu," nikasema, "nimepigia chama. Kilipokuwa peke yake nilikipigia, vilipokuja vingine navyo nikavipigia. Nimepigia sabuni. Nimepigia bia, nami sinywi. Juzi nimepigia simu za mkononi, nami sina. Kila anayekuja Dodoma kuuza kitu ananitafuta mimi kwanza. Wewe mwenyewe ulinitafuta. Sasa unaniuliza soko?"

Wengine wakainamisha vichwa wasionekane wanacheka. Mzee mmoja mwenye miwani, wa uhasibu, hakucheka. Alikuwa mtu makini, simlaumu. Akauliza, "Nani atafundisha?"

"Mimi na wenzangu hawa."

"Kanuni inataka mwalimu awe na shahada."

Binti wa Moshi akajaribu kuokoa. Akasema labda yeye aandikwe mwalimu, na bibi aandikwe msaidizi wa mafunzo. Nikamtazama. Akashusha macho.

"Niandikeni mwalimu au msiniandike," nikasema.

Yule mzee akageuza karatasi. "Na hapa imeandikwa wanawake tu. Chuo hakiwezi kumkataza kijana wa kiume somo."

"Simkatazi somo. Aje aimbe, aje aruke, apasue kuni. Kwenye ngoma hakai."

"Huo ni ubaguzi, mama."

"Ni mgawanyo wa kazi. Wewe unazaa?"

Hapo kila mtu akakohoa. Mkuu wa chuo, nadhani alitaka kumaliza kwa amani, akasema, "Basi tupigieni kidogo, tusikie hicho tunachokijadili."

Nikafunua ngoma kubwa. Nikaigonga kwa kidole. Kimya. Ngozi imenywa unyevu, imelegea kama shavu la bibi kizee. Nikaigonga tena.

"Imelala," nikasema. "Inataka moto. Mturuhusu tuwashe hapo uani."

"Moto hauruhusiwi, mama. Humu kuna kompyuta. Piga hivyo hivyo tu, tutaelewa."

"Hamtaelewa."

"Kidogo tu."

"Siwezi kukuletea maiti nikakwambia ndiye bibi harusi."

Nikaifunika khanga. Wifi yangu alinifinya ubavuni, nikauondoa mkono wake. Tukatoka. Kesho yake jioni binti wa Moshi akaja kwangu, akakaa bila kukaribishwa.

"Wameahirisha, bibi."

"Kuahirisha ndiyo kukataa?"

"Ni kukataa kwa adabu."

Wifi yangu alikuwa jikoni, akatokea na mwiko mkononi. "Nilikwambia mimi! Ungekufa ukiipiga vile vile? Wale watu hawajawahi kusikia ngoma iliyoamka, wangejuaje kama imelala? Ungewapigia hata debe, wangeshukuru."

"Ndiyo maana sikupiga. Wangeshukuru debe, wakafundisha debe."

"Wewe unataka ngoma ipigwe, au unataka ushinde?"

Usiku huo swali lake lilinikaa kifuani. Asubuhi nikaamka nalo, nikafunga kuni.

Mbele ya uzio wa chuo, kati ya waya na barabara ya lami, kuna ukanda wa udongo mwekundu usio wa mtu. Alhamisi hiyo tukaweka mafiga pale, tukawasha moto, tukaegemeza ngoma zetu zitazame joto. Wifi alikuja analalamika, lakini alikuja, na mafuta ya kupaka ngozi alibeba yeye. Ngoma zilipoitika tukaanza. Ukuta wa ghala ulikuwa wa mabati upande ule. Nadhani ndani ilisikika kama mvua ya mawe.

Mlinzi akaja anakimbia. "Bibi, mkuu anasema muondoke. Kuna kipindi cha uhasibu."

"Mwambie alinunua ghala. Barabara hakuuziwa."

Akaenda, akarudi. "Anasema mtaitiwa polisi."

"Mwambie polisi tuliwapigia mwezi uliopita, kamanda alipohama. Wanatujua."

Hakurudi tena. Alhamisi iliyofuata tukawepo. Na nyingine. Mvua ikiwepo tulitandika turubai, tukangoja.

Wa kwanza kutoka walikuwa vijana wa kiume. Mmoja, mrefu, mwenye mikono mizuri kweli, akaniomba akae na ngoma. Nikamwambia hapana. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kwa sababu mama yangu mkwe angefufuka, na sina chakula cha kumpikia. Akacheka, akakaa upande wa waimbaji, akawa mwimbaji mzuri. Wasichana walisimama ndani ya waya wakichungulia, wakifunika midomo kwa madaftari. Wakaniudhi kuliko mkuu wa chuo.

Kisha mmoja akatoka. Alivaa sketi ya kubana, anatembea kwa hatua za kuku aliyefungwa miguu. Akatuamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," kwa sauti ya chini kama anayetubu.

"Wewe wa wapi?"

"Kibaigwa, bibi. Mama anawapikia wapakiaji wa mahindi pale sokoni."

"Na bibi yako?"

"Alikuwa anapiga." Akaangalia chini. "Mama alisema nikikaa vile sitaolewa."

"Mimi nimeolewa mara mbili," nikasema. "Kaa."

Hakuweza kukaa, sketi ilikataa. Wifi yangu akavua khanga yake moja ya juu, akamzungushia kiunoni, akavuta sketi chini ya khanga ikapanda mpaka mahali sketi haijazoea. Wasichana ndani ya waya wakapiga yowe. Yule binti akabana ngoma ndogo, ile iliyokosa mtu. Alipiga vibaya sana. Mikono yake ilikuwa inaomba radhi. Hakuna mzee aliyeinuka.

"Nenda kale," nikamwambia. "Alhamisi uje na kuni."

Akaja na kuni, na mwenzake. Wale wawili wakaleta wengine. Ikawa desturi: asiye na kuni haoti moto, na asiyeota moto hafundishwi. Dodoma kuni si mchezo, msitu uko mbali. Binti wa Moshi naye akawa anakuja na darasa lake, anawaambia ofisini ni mafunzo ya vitendo. Alijaribu kupiga. Mungu hakumpa. Akawa anatuletea chai.

Ndipo mkuu wa chuo alipokuja mwenyewe kwenye waya, mikono mfukoni.

"Shikamoo, mama. Tumefikiria. Tunaweza kuipitisha iwe kozi fupi ya jioni. Mtaingia ndani, mtapewa chumba. Madamu huyu wa maendeleo ya jamii ataandikwa mwalimu, na itakuwa wazi kwa wote. Hayo mawili siwezi kuyabadilisha, yako juu yangu."

Wote waliacha kupiga wakanitazama. Wifi yangu alinitazama kuliko wote. Alikuwa na lile swali lake usoni, sikuhitaji aliseme. Nami nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba kilichokuwa kinanyooshwa juu ya ule waya ndicho nilichokuwa nimekiomba.

"Chumba kina mafiga?" nikauliza.

"Mama, tumeshalizungumza hilo la moto."

"Basi sisi tunaendelea hapa."

"Unakataa kozi yako mwenyewe?"

"Yangu unaiona hii. Hiyo ya chumbani ni yako, kaa nayo."

Akaondoka. Wifi akashika kichwa, akanitukana kwa Kigogo matusi ambayo sikuwa nimeyasikia tangu utoto. Nikatia kuni motoni. Yule binti wa Kibaigwa, bila kuambiwa, akainamisha ngoma ndogo kwenye joto, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akaigonga tena. Kisha akasema, "Bibi, yangu imeitika." Nikaweka sikio. Ilikuwa imeitika kweli. Hapo wifi akaacha matusi, akachukua mafuta ya ngozi.

Mwaka wa mahafali ya kwanza ulipofika, mgeni rasmi alikuwa mtu mkubwa, na watu wakubwa wakija Dodoma wanataka muheme. Mkuu wa chuo akaja mpaka Nkuhungu, akakaa kwenye kigoda changu, akanywa maji yangu.

"Tunaomba kikundi chako, mama."

"Kikundi changu ni wahitimu wako. Mimi na wenzangu magoti hayataki."

Akafikiri. "Sawa."

"Na moto utawashwa ndani ya uzio, mbele ya jukwaa."

Nadhani alimwona mgeni rasmi akishuka kwenye gari, kimya, bila ngoma. "Sawa, mama," akasema.

Basi tukawasha. Moshi wa kuni za mkwaju ukapita mbele ya viti vya wakubwa, wakapepesa macho. Wahitimu wakaingia kwa mstari na majoho yao meusi na zile kofia za pembe. Kwenye zamu ya burudani, wasichana wakatoka kwenye viti vyao na majoho hayo hayo. Wakapokea khanga, wakazifunga juu ya joho, wakapandisha, wakakaa na ngoma katikati ya mapaja. Kofia wakazipa mama zao wazishike. Yule wa Kibaigwa alikaa na ile kubwa. Mama yake, mpishi wa wapakiaji, alikuwa mstari wa tatu, ameshika kofia kama ameshika yai. Yule kijana mrefu akaanzisha wimbo.

Wakapiga. Sitasema walipiga vipi. Nitasema tu kwamba nilikuwa nimeapa kutoinuka, kwa ajili ya magoti, na wifi yangu ndiye aliyenishika mkono wakati tayari nimesimama. Wazee wote tulikuwa chini pale tunacheza, na mama wa Kibaigwa pamoja nasi, kofia kichwani.

Mgeni rasmi alipiga makofi mpaka mkuu wa chuo akapata joto. Akashika kipaza sauti, akasema, "Mheshimiwa, haya ni matunda ya kozi yetu ya sanaa za asili, ambayo chuo chetu kinajivunia."

Nilikuwa bado nimesimama. Nikaenda mpaka kwenye jukwaa. Sikuhitaji kipaza sauti, nimezoea kuita ng'ombe.

"Mwanangu," nikasema, "kozi hiyo uliikataa. Iko nje ya uzio, pale barabarani, kila Alhamisi. Mheshimiwa akitaka kuiona aje na kuni."

Mheshimiwa akacheka kwa sauti. Mkuu wa chuo naye ikabidi acheke. Hatukuitwa tena.

Mkataba wa binti wa Moshi haukuongezwa. Alipokuja kuniaga nilimwuliza kama ananilaumu. Akasema, "Bibi, lile pendekezo niliandika kwa mkono wangu mwenyewe." Akalia kidogo, nikamfungia karanga za njiani. Chuo nacho hakikudumu. Wenye nacho waligombana, leo ghala linauza saruji na mabati. Vyeti sijui viko wapi. Alhamisi ilihamia nyumbani kwangu, ikawa Jumamosi, maana wasichana walipata kazi.

Yule wa Kibaigwa yuko wizarani kule Mtumba, ameolewa, mama yake alikosea. Kila Jumamosi anafika na kuni kwenye buti la gari, anatoa viatu, anakaa na ngoma kubwa. Mimi na wifi tunaota jua. Ndogo anapiga binti yake.

Majuzi alikuja na habari. Chuo kingine, kikubwa kuliko kile, wanafikiria kuanzisha kozi ya muheme, na wamemwuliza kama anaweza kuwaandikia pendekezo. Alitaka ruhusa yangu.

"Watakuwekea masharti," nikamwambia.

"Najua, bibi. Na sisi tuna yetu. Nianze na lipi? Mwalimu? Wasichana?"

Wifi yangu, ambaye siku hizi hasikii vizuri, alisikia hilo. Akajibu kabla yangu, kwa sauti ya mtu ambaye ndiye aliyeshikilia neno hilo siku zote.

"Moto kwanza," akasema. "Wakikubali moto, mengine mtaongea mmekaa."